Nautafuta Msiba Sepuka

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika Sepuka! Upepo mkali, baridi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimepangishiwa chumba nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hosea. Chumba kizuri. Kina kitanda na magunia ya alizeti.

Mada yangu ya shahada ya uzamili: mshikamano wa wanakijiji wakati wa msiba. Nani analeta kuni, nani anapika, nani anachimba kaburi, nani analia na nani anakaa pembeni anapiga soga. Nitakaa kati yao, nitaona kwa macho yangu, nitahoji, nitarekodi. Msimamizi wangu, Dkt. Emiliana, alinionya kabla sijaondoka kwamba watu si visima, nisiende na ndoo tu. Sikuelewa. Nimebeba begi.

Baada ya chakula nikamuuliza Mzee Hosea msiba wa mwisho ulikuwa lini. Akajibu kwa furaha kwamba tangu mavuno yaliyopita hawajazika mtu, Mungu ni mwema. Nikamwambia pole sana. Akaniangalia. Mkewe naye akaniangalia.

Hii ni hatari. Mtafiti wa misiba, kijiji hakina msiba!

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: zahanati. Hoja yangu ni kwamba mvua huanza na mawingu. Nikamsalimia muuguzi vizuri, nikajitambulisha, nikamwomba kwa heshima zote anitajie wagonjwa waliozidiwa, hasa wale wasio na matumaini.

Akaniuliza mimi ni ndugu wa nani. Nikasema si ndugu wa mtu, nasubiri tu.

Nilitolewa nje na mtu wa kufagia. Ufagio ulinigusa mgongoni. Sijajua kama ilikuwa bahati mbaya.

Jioni mwenzangu Chrispin amenitumia picha. Huyu tunasoma naye darasa moja, yeye anatafiti harusi, amekwenda Mkalama. Harusi zinamfuata kama nzi! Kwenye picha ameshika paja la kuku, nyuma yake akina mama wanacheza. Ameandika kwamba data zimejaa mpaka simu inagoma. Sikumjibu. Nimemjibu. Nimesema na mimi mambo ni moto.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi!

Ng'ambo ya bonde anaishi mzee mmoja, kifua kinambana muda mrefu. Analala mchana kutwa juani juu ya ngozi ya ng'ombe, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Sauti yake inatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Mtu wa duka, dada Jesca, ndiye aliyenieleza. Nilikwenda mbio, njiani nikakumbuka kutembea taratibu.

Jina lake Melkiori, kijiji kizima kinamwita Mzee Melki. Niliposema mimi ni Melkizedeki, na nyumbani wananiita Melki, akainua kichwa kutoka kwenye blanketi.

"Kumbe wewe ni somo wangu!" akasema. "Cecilia! Njoo umwone somo wangu, kaja kuniona!"

Bibi Cecilia, mkewe, akanipa kiti na maziwa ya mgando. Nikamuuliza mzee anajisikiaje. Akasema vibaya sana. Nikasema vizuri, yaani pole. Nikawapelekea sukari na machungwa. Nitakwenda kila siku. Kitaalamu hii inaitwa kujenga mahusiano na jamii.

Ni kweli nilipokuwa naondoka nilisimama kidogo kutazama uwanja wao, turubai litakaa wapi. Nafasi ipo. Upande wa zizi kuna kivuli.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nilijaribu majadiliano ya kikundi. Mke wa mwenyekiti alinikusanyia akina mama uani. Wakaja na watoto mgongoni na alizeti za kupukuchua, wakakaa. Nikawaambia tuzungumze kuhusu msiba. Wakauliza msiba wa nani. Nikasema wowote. Wakasema hawawezi kuzungumzia msiba usiokuwepo, ni kuuita.

Nikakumbuka mbinu ya darasani: mpe mhojiwa mfano wa kufikirika, tena wa karibu naye. Nikasema, basi tuchukulie kwamba leo asubuhi Mzee Hosea amefariki.

Wakatazama nyuma yangu.

Mzee Hosea alikuwa nyuma yangu ananawa mikono.

Akina mama wakachukua nyungo zao mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga. Mzee Hosea aliniuliza kwa upole mkubwa, kwa nini yeye. Nikamweleza kwamba ni mfano tu, na kwamba nimemchagua kwa heshima ya cheo chake. Akasema ameelewa. Chakula cha usiku nimeletewa ugali mtupu. Mboga, nimeambiwa, ni ya kufikirika.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Mchungaji akasimama kumshukuru Mungu kwa kukilinda kijiji na mauti. Watu wote wakasema amina kwa nguvu, wakageuka kunitazama. Na mimi nikasema amina. Nilichelewa kidogo, ikasikika peke yake.

Jumatatu, 16 Juni

Mambo mawili mabaya.

La kwanza. Nilipofika kwa Mzee Melki leo nilikuta ngozi ya ng'ombe tupu. Nikavua kofia. Kumbe yuko nyuma ya nyumba, amesimama kwa miguu yake, anamfokea mbuzi! Bibi Cecilia akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlenga. Akasema tangu nianze kuja mzee anakula, anacheka, anasimulia habari za ujana wake, kifua kimefunguka. Eti mimi ndiye dawa.

Nimemponya! Nilikwenda na sukari yangu mwenyewe, na miguu yangu mwenyewe, nikamponya!

Mzee akaniambia hajapata mtu wa kumsikiliza kwa muda mrefu. Binti yao Joyce aliondoka kwa ugomvi kwenda Mwanza, miaka imepita, hapigi simu. Mimi nimekuwa kama mtoto wa humu ndani. Nikasema asante. Nilitaka kuhuzunika kwamba amepona, nikashindwa. Nilitaka kufurahi, nikakumbuka utafiti. Nilirudi nyumbani sijui nina hali gani.

La pili. Dkt. Emiliana amepiga simu. Nisipompelekea habari ya maana kabla ya Ijumaa, nirudi, na nafasi yangu ya kumaliza mwaka huu nisahau. Nikawaza mama yangu pale Singida mjini. Ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe anakaribia kuwa mtu mkubwa. Ameshanunua na kitenge cha mahafali.

Nikamwambia Dkt. kwamba hali ya mzee mmoja inatia matumaini. Akauliza matumaini ya nini. Mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Jumatano, 18 Juni

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwa kinazunguka.

Asubuhi nilikuwa dukani kwa Jesca, nimepeleka simu kuchaji kwenye sola yake. Mara tukasikia vilio kutoka ng'ambo ya bonde. Vilio vya akina mama, vya kweli, vya kukata maini. Vinatoka kwa Mzee Melki!

Jesca akashika mdomo. Nikamwambia ndiyo hivyo, Mzee Melki ametutoka. Nilijua! Ahueni ya ghafla kwa wazee ni kwaheri, kila mtu anajua. Nililia kidogo. Nasema kweli, nililia. Kisha nikakumbuka Ijumaa.

Simu yangu imezima. Nikaazima ya Jesca. Namba ninayoikumbuka kichwani ni moja tu, ya dada yangu Dorika aliyeko mjini. Nikaandika: "Melki wa Sepuka amefariki leo asubuhi. Msiba upo huku huku. Mjulishe Dkt. Emiliana haraka." Fupi. Imebeba kila kitu. Nikamrudishia Jesca simu, nikamwachia yangu kwenye chaji, nikakimbia.

Nilifika kwa mzee nikihema. Uwanja umejaa wanawake, wanalia, wanagaagaa. Nikaingia kati, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya kutosha: "Poleni sana wafiwa. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Vilio vikakatika.

Mzee Melki alikuwa ameketi mlangoni, ana sahani ya ugali na mlenda mapajani. Pembeni yake kuna mwanamke simjui, amemwegemea begani, uso umelowa machozi. Ni Joyce. Joyce amerudi kutoka Mwanza! Amekuja na mtoto ambaye babu yake hajawahi kumwona. Watu wanalia kwa furaha.

Mzee akameza tonge. Akauliza, "Somo, nani amekufa?"

Nikasema bado.

Nilirudi dukani kusahihisha ujumbe. Nikakuta Jesca amefunga. Jirani akaniambia amekwenda Ikungi kuchukua mzigo, atalala huko. Simu yangu iko ndani, imefungiwa. Yake anayo mwenyewe.

Haidhuru. Dorika ni mtu mwenye akili. Kesho nitamweleza.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeaibika. Asubuhi sikutaka kuonana na Bibi Cecilia wala mtu yeyote. Niliondoka kabla watu hawajaamka vizuri, nikajificha kwenye shamba la alizeti la Mzee Hosea. Mabua makavu, yanakwaruza, lakini hayaulizi maswali. Nikalala huko.

Nikaamshwa na vilio.

Safari hii havitoki ng'ambo ya bonde. Vinatoka kwa Mzee Hosea! Nikachungulia. Turubai linasimamishwa. Vijana wanashusha masufuria kutoka kwenye Coaster. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine wanakuja na kuni kichwani. Msiba! Msiba kamili, wa kitabuni!

Hofu ikanishika. Mfano wangu! Nimemuua mwenyekiti kwa mfano! Lakini nikamwona Mzee Hosea mwenyewe anabeba benchi, mzima kabisa, uso umekunjamana. Nikashusha pumzi. Basi ni nani? Sikujua. Nikasema mtafiti hajui, mtafiti anauliza. Nikatoa daftari, nikajipenyeza kwa nyuma ya turubai, nikakaa karibu na mzee mmoja mgeni mwenye koti la suti. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia bila kunitazama, analia.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani.

"Kijana msomi," akasema. "Mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yake. Tunasali naye mama yule. Amefia huku ugenini, na maiti hata haionekani. Wenyeji wanasema hawajamwona tangu jana."

Nikaandika. Inasikitisha! Nikauliza tabia yake ilikuwaje.

"Mtu akishakufa tunasema alikuwa mzuri," akasema. "Huyu alikuwa mzuri. Ila alikuwa anajisumbua sana."

Nikaandika na hilo. Jibu zito. Mbele yangu nikamwona mwanamke amefunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Anasema kwa kwikwi kwamba alikuwa mwanafunzi wake bora, mwenye bidii kuliko wote. Sauti niliifahamu. Dkt. Emiliana! Nikashangaa. Dunia ni ndogo, naye amefiwa na mwanafunzi huku huku! Nikamwonea wivu huyo mwanafunzi. Mimi hajawahi kuniambia hivyo.

Ndipo nikasikia mama yangu.

Si kwamba nilimwona. Nilimsikia. Anaita Melkizedeki, Melkizedeki mwanangu, jina zima, vile alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo nimechelewa kurudi kutoka ziwani Singidani. Hakuwa analia kama wengine. Alikuwa anaita tu, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Nikaitika. Ilinitoka yenyewe. Nikasema, "Naam, mama."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mtu mmoja aliachia sufuria la mchele. Benchi zima likaanguka chali na watu wake. Yule mzee wa suti akanitazama kwa mara ya kwanza, kisha akatazama daftari langu, kisha hakuwepo tena. Dorika akapiga kelele. Mama hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja, akanishika uso, akanifinya shavu, akanivuta sikio, akanigeuza kama anayechagua kuku mnadani. Alipohakikisha ni mimi, akavua ndala.

Alinipiga nayo mbele ya mshikamano wote wa kijiji. Kisha akaitupa, akanikumbatia, akagoma kuniachia. Nilisikia moyo wake unavyokimbia. Nikasema samahani, mama. Akasema nyamaza.

Maelezo yakatoka vipande vipande. Dorika alipata ujumbe kutoka namba ngeni. Akanipigia mimi, simu haipatikani. Akapiga ile namba ngeni, Jesca akapokea. Akamuuliza ni kweli Melki amefariki. Jesca, akiwa na mawazo ya Mzee Melki, akamjibu huku analia: ni kweli, dada, hata sisi tumeshtuka. Basi.

Watu wakaanza kugeuka kunitazama, na macho yao hayakuwa mazuri. Ndipo njia ikafunguka nyuma. Mzee Melki anakuja. Kwa miguu! Amevuka bonde lote kwa fimbo, Joyce amemshika mkono mmoja, na kwapani amebeba jogoo. Alikuwa amejifunga shuka jeusi. Alinikuta nimesimama, akasimama naye, akahema kwa muda mrefu.

"Somo," akasema, "nimetoka kitandani kuja kukuzika, halafu nakukuta wewe ndiye unanipokea."

Akacheka. Kifua chake kikacheka bila kukwaruza. Mzee Hosea naye akacheka, kisha mkewe, kisha turubai zima. Wakasema masufuria yameshabandikwa na hayawezi kubanduliwa hivi hivi. Tukala. Akina mama wa Sepuka na wale waliokuja na Coaster wakaimba mpaka jua likazama. Firigisi ya jogoo wa Mzee Melki nilipewa mimi, kama marehemu.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimeamka na wazo zuri. Data! Sikuandika yote jana, nilikuwa na shughuli, lakini wahusika bado wapo, na Jesca amerudi na kunipa simu yangu. Mama amelala hapa hapa kwa Mzee Hosea. Nani ana habari ya msiba iliyo moto kuliko yeye?

Nikamkuta anakunywa chai nje, amejifunika kitenge. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza kitaalamu: alipopata taarifa ya kifo cha mhusika, alichukua hatua gani ya kwanza.

Akaweka kikombe chini.

"Nilizima jiko," akasema. "Nilikuwa nimebandika maharage. Nikazima jiko, nikakaa chini. Sijui kwa nini nilizima. Nikawa nayatazama yale maharage, nasema, haya nani atakula."

Upepo ulikuwa unapiga mabati. Nilitaka kumshika mkono.

Kisha nikaona kinasa sauti hakikuwa kimewashwa. Nikamwomba arudie tangu mwanzo, tena aongee kidogo karibu na simu.

Jicho linavimba upande wa kushoto. Ile ndala ya pili ilikuwa na soli nzito.

Dkt. Emiliana tulizungumza kabla hajaondoka. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi wake bora. Akakana. Nikamwambia nina ushahidi, nimeandika kwenye daftari, mhojiwa alikuwa analia. Akasema msiba wangu mwenyewe hauwezi kutumika kama utafiti, kwa sababu waombolezaji hawakukubali kushiriki. Nikamuuliza, kwani kwenye misiba mingine marehemu hukubali? Akapanda bodaboda bila kujibu. Lakini alipofika barabarani alisimamisha, akarudi, akasema nibadilishe mada, nihame kijiji, na ananipa nafasi moja tu. Akaongeza, huku anatazama pembeni, kwamba anashukuru nipo hai.

Bibi Cecilia amenifungia asali. Mzee Melki amenisindikiza mpaka kwenye njia kuu. Sikuelewa kwa nini watu hawa, baada ya yote, wananipenda. Nitalitafiti siku nyingine.

Alhamisi, 26 Juni

Nimehamia Mgori. Mahali pazuri, msitu uko karibu, watu wakarimu. Mada mpya: namna habari zinavyosambaa kijijini. Imenijia yenyewe, sijui kutoka wapi. Dkt. Emiliana ameipokea kwa shaka, lakini ameipokea. Amenisisitizia nisikilize tu, nisilete kitu changu.

Nimesikiliza tangu Jumatatu. Hakuna habari! Watu wanaongelea alizeti na ng'ombe. Mtu hawezi kupima mwendo wa kitu kilichosimama. Kwa hiyo leo asubuhi nimeweka kichocheo kidogo sana, cha kitaalamu. Nilimnong'oneza mama mmoja kisimani, mmoja tu, tena nikamwomba asimwambie mtu, kwamba Jumamosi kijiji kitapata mgeni mkubwa kutoka mbali.

Mafanikio makubwa! Kabla ya jua kutua shule inapakwa chokaa. Kwaya inafanya mazoezi, barabara inafagiliwa, na mbuzi wawili wamefungwa nje ya ofisi ya kijiji. Ninaandika bila kupumzika. Chrispin atalia!

Sasa hivi mwenyekiti amekuja mlangoni ana wasiwasi. Ameuliza kama mgeni atapenda maziwa au soda.

Nimemwambia maziwa.